Bahari Kumi na Moja Chini ya Kitanda

Shikamooni wakubwa zangu. Na ninyi wa rika langu, mambo? Haya, asanteni kwa kuitikia, maana hata hilo nilikuwa naliogopa, kwamba nitasalimia na ukumbi ukae kimya.

Niungame jambo dogo kabla ya lile kubwa. Ushuhuda huu nimeuandika mara sita. Mara ya tano kalamu iliisha katikati, nikaendelea na nyingine ya bluu iliyokolea zaidi, halafu sikuweza kuvumilia, nikaanza upya. Nilipofika mlangoni leo mwenyekiti amenipokonya karatasi. Akasema, "Binti, hapa tunasema, hatusomi." Basi nitasema. Nikikosea, chekeni. Viti vyenyewe hivi ni vya watoto wa chekechea, magoti yetu yako kwenye kidevu, kwa hiyo hakuna wa kumcheka mwenzake sana.

Watu walioko katika habari yangu sitawataja majina. Mmoja wao yumo humu ndani, amekaa karibu na dirisha, na kucha zake zina unga mweupe ambao hautoki hata akioga mara mbili. Usiiname, fundi. Nimeshakuona.

Mimi ni mchoraji. Kulitamka neno hilo peke yake kumenichukua miaka. Mchana nauza madaftari na kutoa fotokopi kwenye duka la vifaa vya shule Mchafukoge, na nikitoka hapo narudi chumbani kwangu, napaka rangi. Sikusomea. Nilijifunza kwenye simu, kwa kutazama mikono ya watu ambao sura zao sijawahi kuziona. Picha zangu zina mwili. Nachanganya unga wa jipsamu, ule wanaoupaka mafundi ukutani, na gundi nyeupe na rangi za akriliki, mpaka mchanganyiko unakuwa mzito, kisha naupandisha kwenye kanvasi kwa kisu. Ukifumba macho ukapitisha kiganja, unahisi gome la mti, unahisi mwamba, unahisi povu la wimbi. Nachora vitu vya Mungu, miti na mawe na bahari, kwa sababu nyuso za watu zinaniogopesha. Uso unajibu.

Lakini ndugu zangu, nawaambia ukweli, kwa miaka mitatu sikuwa nimemaliza picha kubwa hata moja. Nilimaliza vidude vya ukubwa wa daftari tu. Kila kikubwa nilichokianza nilikikwangua. Nilikuwa napaka, nasogea nyuma, naona kasoro moja kwenye kona, nachukua kisu, nakwangua kona. Kona ikishakwanguliwa, katikati panaonekana pabaya. Nakwangua katikati. Kuna kanvasi moja niliikwangua na kuipaka mpaka ikawa nzito kama mlango. Siku moja iliporomoka kutoka ukutani ikatoboa ndoo yangu ya maji.

Mnacheka. Mimi nililia, na si kwa ajili ya ndoo.

Haya hayakuanzia kwenye rangi. Nikiwa darasa la nne nilichana daftari zima la Sayansi kwa sababu mstari mmoja ulipinda. Mama akanichapa, akaninunulia jingine, na hilo nikalichana. Kwa hiyo hakuna aliyewahi kuona kazi yangu ikiwa haijaisha. Jirani akibisha hodi kuomba kiberiti nilikuwa nafungua mlango nusu, nauziba kwa mwili wangu, kama mtu aliyeficha maiti.

Sasa, kuna mama mmoja ana duka la kanga Kariakoo. Nitamwita Mama wa Kanga. Siku moja alikuja kutoa fotokopi, na simu yangu ilikuwa mezani, imefunguka kwenye picha ya kipande kimoja kidogo, jiwe lenye mwani. Akainama.

"Hii nani kaifanya?"

"Mimi, mama." Neno lilitoka kabla sijalizuia.

"Wewe? Hebu ngoja nivae miwani." Akavaa. Akaitazama muda mrefu kuliko mtu anavyotazama kitu cha kwenye simu. "Unaweza kunichorea bahari?"

"Naweza."

"Bahari yangu, lakini. Sitaki bahari yoyote tu."

Akavuta kiti, wateja wakapanga foleni nyuma yake, naye akanisimulia. Kwao ni kusini, upande wa Kilwa. Alipokuwa mtoto alikuwa akishuka pwani na mama yake na dada yake mkubwa kila maji yakipwa. Akasema maji yakipwa, bahari inakuwa uwanja. Mchanga una mikunjo kama kanga iliyokamuliwa ikaanikwa bila kunyooshwa. Kuna vidimbwi, kuna mwani uliolala, na kuna jiwe moja lenye mgongo ambalo mama yao alipenda kulikalia akifunga upya kilemba, huku wao wakichokoa pweza kwa kijiti. Mama yao alishafariki. Magoti ya Mama wa Kanga hayamruhusu tena safari ile. Na dada yake, ambaye hawajaonana miaka mingi, alikuwa anakuja Dar kumtembelea.

"Nitaitundika juu ya rafu," akasema. "Sitamwambia kitu. Nataka akiingia tu dukani, aseme mwenyewe ni wapi."

Mnaona mzigo niliotwishwa? Mtu wa kawaida angefurahi. Mimi nilianza kuhesabu kasoro za picha palepale, kabla hajamaliza kufunga pochi yake.

Niliamua kwamba picha hii itakuwa kamili. Nikasema, kama ni mchanga wa baharini, basi uwe mchanga wa baharini kweli, sitaki wa kuigiza. Jumapili nikapanda pantoni kuvuka hadi Kigamboni na mfuko wa plastiki, nikachota mchanga pale pale maji yalipoishia, ukiwa bado una unyevu wake. Niliuanika chumbani juu ya gazeti. Sikuuosha. Mtu angeniuliza kwa nini, ningejibu kwa fahari kabisa kwamba nikiuosha nitaondoa ubahari wake.

Fundi ameshika kichwa pale. Ngoja, fundi, zamu yako inakuja.

Nikachanganya mchanga ule na jipsamu na gundi. Nilifanya kazi wiki tatu, na safari hii sikukwangua sana. Mikunjo ilitoka vizuri. Vidimbwi nilivipaka rangi ya anga ya saa moja asubuhi. Jiwe la mama nililijenga tabaka kwa tabaka mpaka likawa na mgongo. Siku nilipoweka brashi chini nilikaa kitandani nikaitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwangu mkono haukwenda kwenye kisu.

Kisha hewa ikabadilika, masika yakaanza. Mnaujua unyevu wa Dar, nguo haikauki, chumvi ya mezani inakuwa tope. Asubuhi moja nikaamka nikakuta mchanga wangu umeota ukungu mweupe. Nikaufuta kwa kitambaa. Kesho yake umerudi, umeongezeka. Nikaufuta kwa kitambaa chenye maji, na hilo likawa kosa juu ya kosa, maana rangi ilianza kuvimba. Siku ya tatu jiwe la mama lilijimenya, likadondoka sakafuni kipande kizima, kama ganda la kidonda.

Dada yake Mama wa Kanga alikuwa anatarajiwa siku nne mbele.

Wenzangu wa kikundi hiki cha watu wenye hofu, hali ile ninyi mnaijua. Kifua kinakuwa kama kimekaliwa. Simu inaita unaitazama kama nyoka. Sikula. Kazini nilitoa fotokopi za mtu upande mmoja badala ya pande mbili, akanitukana, nikaona amenipunguzia. Kitu rahisi kilikuwa kutembea dakika kumi, niende dukani kwa yule mama niseme, "Mama, imeharibika, nipe muda." Dakika kumi tu. Sikuweza. Kwa sababu kusema imeharibika ni kusema kwamba mimi nimeharibika. Hivyo ndivyo kichwa changu kilivyokuwa kinapiga hesabu.

Badala yake nilikwenda Mtaa wa Kongo.

Pale kuna kaka anauza picha za ukutani. Simba, maua, maneno ya baraka, na picha za bahari zilizotengenezwa kwa mashine, zenye rangi nene ya kuvimba kidogo ili zionekane zimefanywa kwa mkono. Zote mawimbi. Wimbi kubwa la bluu, povu, na jua. Nilinunua moja. Nikaipeleka chumbani, nikapaka povu jipya hapa na pale, nikaongeza rangi ya mchanga kidogo chini, halafu, Mungu anisamehe, kwenye kona ya kulia nikaandika jina langu. Ilikuwa sahihi nzuri kuliko zote nilizowahi kuandika.

Nilipoipeleka, Mama wa Kanga alimwita mpaka jirani wa duka la vitenge. Ikatundikwa. Watu wakasema, "Aisee, huyu dogo ni noma." Mwingine akasema, "Hili wimbi linanilowanisha." Mama wa Kanga mwenyewe alisimama chini ya picha, miwani usoni, mikono nyuma.

"Nzuri, mwanangu," akasema. "Nzuri sana." Akavua miwani. "Maji yamejaa."

Nikainama kukusanya kamba nilizoifungia.

"Si kitu," akasema. "Maji yakijaa, yanakupwa."

Nikaondoka kwa haraka, nikasema nimeacha mashine inachapa.

Bahati, au niseme si bahati, safari ya dada yake iliahirishwa kwa mwezi mzima kwa sababu ya harusi ya mjukuu huko kwao. Ningeweza kuutumia mwezi ule kutubu. Ngoja niwaambie nilivyoutumia.

Siku tatu baadaye nikapita Mtaa wa Kongo, nikaona wimbi langu limetundikwa pale pale. Lile lile. Povu lile lile, isipokuwa nililoongeza mimi. Kutoka pale hadi dukani kwa mama ni kona mbili! Mama akipita na bajaji je? Mteja wake akiiona je? Nikainunua, nikaificha chini ya kitanda. Nikapumua.

Baada ya wiki kaka wa picha akaniona kwa mbali, akapiga mluzi. "Dada! Dada wa bahari! Zimekuja mbili zingine!"

Nikanunua zote mbili.

"Unazipeleka wapi, sista? Hoteli?"

"Ehee, hoteli."

"Sema mapema basi, nikuagizie."

Ndugu zangu, mfanyabiashara wa Kariakoo akiona bidhaa inatoka, anafanya nini? Anaongeza mzigo. Mimi nilikuwa nanunua ili ziishe, na kadiri nilivyonunua ndivyo zilivyokuja. Nilikuwa naziba pantoni linalovuja kwa kulimwagia maji. Zilipofika kumi, kitanda changu kilikuwa kimeinuka miguu, nalala kama niko kwenye mteremko. Pesa ya chakula ilikuwa inalala chini yangu. Na siku zote hizo sikugusa brashi. Ningechora nini? Kila mtu Kariakoo alikuwa ananisifia kwa kazi ya mashine, na kila sifa ilikuwa inaniambia, unaona, mashine ndiyo wanayoitaka, si wewe. Mama wa Kanga alikuwa anapita dukani kwetu kunisalimia, nami nilikuwa nachuchumaa nyuma ya mashine ya fotokopi. Mwenzangu wa kazini anasema ametoka. Mama anasema, "Haya, mwambie nilikuja."

Sasa nifike siku yenyewe.

Ilikuwa Alhamisi, saa nne asubuhi. Natoka kuchukua karatasi za A4 kwa msambazaji, nakatisha mtaa wa Mama wa Kanga, nikimwomba Mungu nisionekane. Mbele yangu, juu ya turubai, mkabala kabisa na mlango wa duka lake, kaka wa picha amepanga mawimbi. Nane. Yote yamesimama kwa mstari yanatazama dukani. Alihamia pale kwa sababu ya wateja.

"Dada wa bahari!" akapaza sauti. "Njoo uone, leo nimekuletea familia nzima!"

Sikumbuki nilitupa wapi karatasi. Nilianza kuziokota picha, moja moja, nazigeuza uso chini, nasema nachukua zote, nachukua zote, na mfukoni nilikuwa na pesa ya moja. Kaka wa picha akaanza kucheka, halafu akaacha kucheka. "Dada, vipi? Kaa kwanza. Dada?" Kifua kilikuwa kimekwisha kufunga. Niliketi juu ya bahari saba, barabarani, mikokoteni inanikwepa, wachukuzi wanapiga kelele, "Oya, mtoeni huyo!" na sikuweza kuvuta pumzi.

Aliyenishika mkono alikuwa ametoka kwenye duka la jirani, alikokuwa anapiga skimu ukuta, yaani kuulainisha kwa jipsamu. Mtu mweupe wote kwa vumbi. Nilidhani nimekufa na huyu ndiye wa kunipokea. Akaniambia, "Hesabu vidole vyangu." Nikahesabu. "Tena." Nikahesabu tena. Vilikuwa tisa, kimoja kilikatika kazini, na kile kidole kisichokuwepo ndicho kilichonirudisha, kwa sababu nilibaki najiuliza nimekosea wapi.

Huyo ndiye fundi wenu mnayemwona hapo dirishani. Mnipigie makofi ya nini? Mpigieni yeye.

Alinisindikiza hadi nyumbani na ile picha moja niliyoilipia, ambayo bado nilikuwa nimeikumbatia. Tulipofika mlangoni nikafungua nusu kama kawaida yangu. Akasema, "Bibie, mimi naingia nyumba za watu kazini kila siku. Hakuna chumba kitakachonishangaza." Nikafungua wote. Akaona kitanda kwenye mteremko. Akainama, akazihesabu kwa sauti, na kwa hii tuliyoibeba zikawa kumi na moja.

Kisha akaiona ile iliyojimenya, imeegemea ukuta, nyeupe kama mtu mwenye mba. Akaisogelea, akapitisha kidole, na mbele ya macho yangu akakilamba.

"Chumvi," akasema. "Mchanga umeutoa wapi?"

"Baharini."

"Hukuuosha?"

"Nilitaka uwe wa kweli."

Fundi alicheka mpaka akashika ukuta. "Yaani umepika samaki na matumbo yake ili awe wa kweli! Mchanga wa pwani unaoshwa kwa maji baridi mpaka ukilamba husikii kitu. Hilo kila kibarua analijua. Ungemuuliza mtu yeyote anayebeba zege."

"Sikumuuliza mtu."

"Nani aliiona hii ulipokuwa unaifanya?"

"Hakuna."

Hapo akaacha kucheka. Akaketi kwenye ndoo. Akasema, na maneno haya nimeyashika kama yalivyo, "Mimi ukuta wangu watu wanaupita ukiwa mbichi. Mwenye nyumba anasema yake, mpita njia anasema yake, mtoto anaugusa. Nakasirika kila siku. Lakini haujawahi kunimenyekea nikiwa peke yangu nao chumbani." Halafu akaniambia kuhusu kikundi hiki, na kwamba yeye mwenyewe aliletwa hapa baada ya kile kidole. Hayo ni yake, atayasema siku yake.

Jumamosi ile nikaja, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, sikufungua mdomo. Jumatatu nikaenda kwa Mama wa Kanga.

Kaka wa picha alikuwa amehamisha mawimbi yake, alisema mtaa ule una mikosi. Dukani hapakuwa na mteja. Nilisimama kwenye kizingiti.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Leo mashine imekuruhusu?"

Nikayasema yote. Sikuyapanga. Nilianza na kitanda, nikarudi kwenye mchanga, nikaruka kwenye sahihi. Alikuwa anakunja kanga, na hakuacha kukunja. Nilipomaliza akaweka ile ya mwisho juu ya wenzake akaisawazisha.

"Mimi niko Kariakoo miaka mingi kuliko umri wako," akasema. "Unadhani siujui mzigo wa Mtaa wa Kongo nikiuona?"

"Ulijua?"

"Siku ile ile. Mtu nimemsimulia mguu wa mama yangu unavyozama kwenye mchanga, ananiletea wimbi la kuzamisha meli?"

"Kwa nini hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri maji yapwe." Kisha sauti yake ikabadilika, na nawaambia ilikuwa inauma. "Picha haikuniudhi. Kilichoniudhi ni kuona visigino vyako nyuma ya ile mashine, nami nimekuja kukusalimia kwa magoti haya. Mara nne. Nilikuwa najiuliza, huyu mtoto nimemfanya nini?"

Nilipiga magoti. Akasema niinuke, sakafu imefagiliwa vibaya. Sikukumbatiwa, na nashukuru, maana ningekumbatiwa ningedhani yamekwisha.

"Ishushe hiyo," akasema. "Uniletee yangu. Lakini utaifanyia hapa."

"Hapa wapi, mama?"

"Hapa, kwenye kona hii. Nataka nikuone."

Ndugu zangu! Kariakoo! Mbele za watu! Afadhali angenipeleka polisi.

Lakini nilikwenda. Kila siku baada ya kazi, kwa muda wa saa mbili kabla duka halijafungwa. Mchanga niliuosha mara saba, fundi akaulamba, akaupitisha. Nikapanga vitu vyangu kwenye kona ya duka, nikaanza, na Kariakoo ikaanza na mimi.

"Dada, huo ni ugali?"

"Sio ugali, anaziba ukuta."

"Weka na dagaa basi, tule."

Mteja mmoja wa kanga alisema bahari haiwezi kuwa ya kahawia. Mwenzake akamjibu, "Kwa sababu wewe unaijua ya kalenda." Wakabishana nusu saa mbele ya kazi mbichi, wakaninyooshea vidole, wakaondoka bila kununua. Mchukuzi mmoja alishusha mzigo, akatazama, akasema vidimbwi vinapaswa kung'aa zaidi ukingoni kuliko katikati. Nilikasirika siku nzima. Kesho yake nikagundua amesema kweli.

Sitawadanganya kwamba nilizoea.

Kisha dada yake akaja kabla ya siku yake. Harusi iliisha mapema, akapanda basi. Nilikuwa nimeinama, nimetoka kuweka tabaka la mwisho la jiwe, bado bichi kabisa, nusu ya picha ni kanvasi tupu, nikasikia fimbo mlangoni. Mama mtu mzima, kajitanda kanga, ana macho ya mdogo wake. Mama wa Kanga alisimama kwa haraka kuliko magoti yake yanavyotaka. Alinitazama mimi, akaitazama picha, nikajua bado anataka kile kile alichokitaka tangu siku ya kwanza, dada aseme mwenyewe.

Nilitaka kuifunika. Nilishaukamata mfuko wa nailoni wa kuifunikia. Nusu picha! Mchanga upo, anga hakuna. Mwani upande mmoja tu.

Dada Mkubwa akasogea mpaka pua ikakaribia kugusa. Akakaa hivyo.

"Pana kasoro," akasema.

Nikafumba macho.

"Shimo liko wapi?"

"Shimo gani, mama?" nikauliza.

"La pweza! Hapa, chini ya jiwe la mama. Kila siku pweza alikuwa anakaa hapa, na kila siku huyu mdogo wangu alikuwa anaogopa kuingiza kijiti." Na kabla sijapumua, akanyoosha kidole gumba akakididimiza kwenye jiwe langu bichi, akakizungusha, akakitoa. "Hapa."

Mkono wangu ulikuwa umeshashika kisu. Nawaambia kama ulivyokuwa. Kisu kilikuwa kimeshainuka, kinakwenda kusawazisha, kama kilivyokwenda miaka yote. Kisha nikasikia sauti nyuma yangu. Mama wa Kanga alikuwa anacheka na kulia kwa wakati mmoja, anasema, "Sikuogopa! Nani aliogopa? Wewe ndiye ulikimbia ukaacha kilemba!" Na dada yake anasema, "Mwongo mkubwa we!" Wazee wawili, wanasukumana kama watoto wa darasa la pili.

Nikaweka kisu chini.

Baadaye, wakati dada yake ananawa kidole kwenye ndoo yangu ya brashi, Mama wa Kanga alikuja akasimama karibu nami, mikono nyuma, kama siku ile ya wimbi. "Haya," akasema polepole. "Sasa maji yamekupwa."

Niliimaliza wiki mbili baadaye. Ipo juu ya rafu. Ukitazama vizuri chini ya jiwe utaona shimo, na ndani ya shimo, mistari ya kidole cha mtu. Mimi mwenyewe nisingeweza kuichora hata kwa miaka kumi.

Sijapona. Nisingependa mtu atoke hapa akisema binti yule amepona. Juzi nimekwangua kona. Ushuhuda nimeuandika mara sita. Lakini mlango wangu sasa naufungua wote.

Namshukuru fundi, kwa vidole vyake tisa na ulimi wake. Namshukuru Mama wa Kanga, aliyenisubiri bila kunidanganya kwamba hakuumia. Namshukuru dada yake. Nawashukuru wachukuzi wa Kariakoo, hata yule wa dagaa. Namshukuru na kaka wa picha, niliyemrudia nikamwambia hakukuwa na hoteli yoyote. Alinitazama, akasema, "Kwa hiyo dada, zile zilizobaki nimuuzie nani?" Kisha akasema pole, na akamaanisha.

Ninyi mnaojifungia na kazi zenu, au na ugonjwa, au na aibu, mkingoja viwe tayari kuonekana, nawaomba, muonyesheni mtu mmoja vikiwa bado vibichi. Atawacheka. Acheni awacheke. Huenda akawaambia kuhusu mchanga.

Zile bahari kumi na moja bado ninazo. Nimeanza kuzipaka upya juu yake, moja moja, za kwangu mwenyewe. Ya kwanza nimekuja nayo leo. Ni ile iliyoegemea ukuta pale mlangoni, mliyoipita mkidhani ni mlango wa kabati. Ni mikoko, maji yakiwa yametoka, mizizi iko wazi. Haijaisha. Upande wa chini wote bado ni mbichi, na mtapita hapo mkitoka, na mlango wenyewe ni mwembamba.

Kisu nimekiacha nyumbani.